Sura ya Sita: Karatasi za Melba Liston

Mwanamuziki wa jazi na asubuhi ni maadui wa siku nyingi. Kazi yake huanza wenzake wakivua viatu, huisha saa tisa au kumi za usiku, na akifika kitandani jua liko njiani. Ndiyo maana Randy Weston, hata alipokuwa mzee wa miaka themanini na kitu, hakuacha kustaajabia jambo moja kuhusu santuri aliyoirekodi katikati ya Novemba 1960. Studio ya Bell Sound, New York, ilikodiwa kuanzia saa tatu asubuhi, siku mbili mfululizo, na watu wote walifika kwa wakati. Na hawakuwa wanne au watano. Walikuwa zaidi ya ishirini.

Kwenye tarumbeta alikuwapo Clark Terry, aliyepikwa akapikika katika bendi ya Duke Ellington, na pembeni yake Freddie Hubbard, kijana wa miaka 22 ambaye mji mzima ulikuwa umeanza kumzungumza. Yusef Lateef alikuja na saksafoni na filimbi zake. Kenny Burrell alikuja na gitaa. Besi zilikuwa mbili: ya George Duvivier na ya Ron Carter, ambaye miaka michache baadaye angekuwa nguzo ya bendi ya Miles Davis. Msongamano mkubwa ulikuwa upande wa ngoma. Max Roach, Charlie Persip na G.T. Hogan waliwakilisha dramu za Marekani. Candido Camero na Armando Peraza walitoka Cuba. Babatunde Olatunji, Mnaijeria aliyekwenda Marekani kusoma chuo akaishia kuwa mpiga ngoma, alikuwa ndiyo kwanza ametoa santuri yake mwenyewe, Drums of Passion, iliyowafanya Wamarekani wengi wasikilize ngoma za Afrika Magharibi kwa mara ya kwanza.

Mbele ya maikrofoni nyingine alisimama Mtanganyika aliyeitwa Tuntemeke Sanga. Msomaji wa Njombe au Makete hahitaji kuambiwa jina la Sanga linatoka milima ipi. Kazi yake ilikuwa kusoma kwa Kiswahili maneno ya uhuru yaliyoandikwa na mshairi Langston Hughes, na ndiyo sauti inayofungua santuri. Weston alitaka kazi yake ianze kwa lugha ya Kiafrika, lakini hakujua ichaguliwe ipi kati ya mamia. Alikwenda kuwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, na wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Hivyo ndivyo santuri ikaitwa Uhuru Afrika, na sehemu zake tatu kati ya nne zikapewa majina ambayo bibi yeyote wa Tanga angeyasoma bila msaada: Uhuru Kwanza, Bantu, Kucheza Blues. Ya nne ni African Lady.

Huwa santuri hii inasimuliwa kama hadithi ya Weston, na ni haki yake: wazo lilikuwa lake, jina lake ndilo lililo kwenye jalada, na ndiye aliyegonga milango. Lakini jazi, pamoja na sifa yake ya kubuni papo kwa papo, ina ukweli mmoja ambao vitabu vya jazi huupitia haraka. Watu wanne wanaweza kukubaliana kwa kutazamana machoni. Watu ishirini na kitu hawawezi. Lazima pawepo karatasi mbele ya kila mmoja, inayomwambia apulize noti gani, kwa nguvu kiasi gani, na, muhimu kuliko yote, anyamaze wakati gani. Karatasi zote za Uhuru Afrika ziliandikwa na mwanamke wa miaka 34 aliyeitwa Melba Liston, na naamini ndizo zilizoifanya santuri hii idumu kuliko matukio yaliyoizaa.

*

Matukio yenyewe tuyapitie upesi, kwa kuwa msomaji wetu anayajua kwa upande wa pili. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Kongo ilipandisha bendera tarehe 30 Juni, Nigeria tarehe 1 Oktoba. Tanganyika ilikuwa njiani bado: TANU ilikuwa imetwaa viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa mwaka huo, na Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi chini ya gavana Mwingereza. Kwa hiyo Sanga alipotamka neno uhuru kwenye maikrofoni ya New York, nchi yake ilikuwa imebakiza zaidi ya mwaka mzima kulifikia.

Harlem nayo ilikuwa inachemka. Septemba hiyo Fidel Castro, aliyekuja kuhutubia Umoja wa Mataifa, alihamia Hotel Theresa, katikati ya mtaa wa watu weusi. Nkrumah alihutubia mkutano huohuo. Vijana weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wameanza, tangu Februari, kukaa kwenye kaunta za migahawa ya wazungu na kukataa kuondoka. Machi polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 Sharpeville. Wanamuziki walisoma magazeti kama watu wengine. Agosti na Septemba, Max Roach aliingia studio na mwimbaji Abbey Lincoln kurekodi We Insist!, santuri ambayo picha ya jalada lake ni wanaume weusi waliokaa kwenye kaunta, na sehemu yake ya mwisho ni ya maombolezo kwa Johannesburg. Februari iliyofuata, habari za kuuawa kwa Lumumba zilipothibitishwa, Roach na Lincoln walikuwa miongoni mwa walioingia ukumbi wa Baraza la Usalama kupiga kelele za kupinga.

We Insist! ni santuri ya hasira, na Lincoln anapiga mayowe ndani yake hadi msikilizaji anatamani kupunguza sauti. Uhuru Afrika ni ya namna nyingine kabisa. Ni santuri ya watu wanaojiandaa kwa sherehe.

*

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank, alikuwa mtu wa Panama mwenye asili ya Jamaika, mwenye mgahawa, na mfuasi wa Marcus Garvey. Nyumbani kulikuwa na vitabu na ramani za Afrika, na mtoto aliambiwa mapema kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, basi ajue historia yake kabla ya utumwa. Baba huyohuyo ndiye aliyemlazimisha kujifunza piano. Mtoto mwenyewe alikuwa anarefuka kwa kasi, akaishia kupita mita mbili, na akili yake ilikuwa kwenye mpira wa kikapu. Vita vilimpeleka jeshini hadi Okinawa. Aliporudi alisimamia mgahawa wa baba yake, ambao ulikuwa kijiwe cha wanamuziki: wakila wanabishana, wakimaliza kubishana wanawasha santuri.

Miaka hiyo alikuwa na watu wawili waliomjenga. Mmoja alikuwa Ahmed Abdul-Malik, rafiki yake wa utotoni, mpiga besi aliyepiga pia udi, na aliyempeleka Atlantic Avenue kusikiliza wanamuziki wa Kiarabu. Mwingine alikuwa Thelonious Monk. Weston alisimulia mara nyingi alivyokwenda nyumbani kwa Monk na maswali tele, na Monk asijibu karibu lolote. Alipomrudia mara ya pili, Monk alikaa kwenye piano akapiga kwa saa kadhaa, na somo likawa limekwisha. Ukisikiliza mkono wa kushoto wa Weston, ule unaogonga noti za chini kwa uzito wa mtu anayebisha mlango uliofungwa, utajua alikuwa mwanafunzi makini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 heroini iliingia Brooklyn na kuanza kuwamaliza vijana wenzake. Weston alikimbilia milima ya Berkshire, Massachusetts, akafanya kazi za jikoni kwenye hoteli za mapumziko na kupiga piano usiku. Pale, kwenye kituo kilichoitwa Music Inn, msomi Marshall Stearns alikuwa akitoa mihadhara kuhusu chimbuko la jazi, akianzia Afrika Magharibi. Olatunji alipita hapo. Langston Hughes alipita hapo. Kijana aliyekwenda kukimbia dawa za kulevya alijikuta ameingia chuo bila kuandikishwa.

Mwaka 1954 alirekodi santuri yake ya kwanza kwa kampuni ya Riverside. Alitunga nyimbo zilizopigwa na wenzake, kama Hi-Fly na Little Niles, huu wa pili kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa na melodia tele, ila alihitaji mtu wa kuzipa mwili.

*

Melba Liston alizaliwa Kansas City tarehe 13 Januari 1926, miezi mitatu hivi kabla ya Weston. Akiwa na miaka saba aliiona tromboni dukani akaipenda kwa macho, na mama yake akamnunulia. Tromboni haina vitufe. Noti hupatikana kwa kusukuma na kuvuta mrija, na mkono wa mtoto wa miaka saba haufiki mwisho wa mrija huo. Melba alitafuta njia zake za kukwepa noti za mbali na kujifunza kwa sikio, babu yake akimsaidia. Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles, akalelewa kimuziki katika bendi ya watoto ya Bi. Alma Hightower. Alipofika miaka 16 alikuwa anafanya kazi ya malipo katika jumba la maonyesho, na muda mfupi baadaye akaingia bendi kubwa ya Gerald Wilson. Mwaka 1947 Dexter Gordon, aliyekua naye mjini humo, alimwita studio.

Katika bendi hizo alikuwa mwanamke peke yake, au karibu peke yake. Kulikuwa na waimbaji wanawake, ambao walisimama mbele na magauni. Kukaa nyuma, mstari wa tromboni, katikati ya wanaume, ni jambo jingine. Dizzy Gillespie alipomwita kutoka California aje New York, wanabendi walinung'unika: tromboni zote za mji huu, kwa nini aletwe mwanamke kutoka upande wa pili wa nchi? Gillespie hakutoa hotuba. Alimwambia Melba atoe mpangilio wa muziki aliokuja nao, akaugawa, akahesabu moja mbili. Wanaume wale hawakwenda mbali kabla ya kujikwaa. Melba aliisimulia hadithi hiyo kwa raha, na mtu anaweza kuisimulia tena na tena kama ushindi.

Lakini hakuwa mtu wa kusimulia ushindi tu. Alipokuwa mtu mzima alisema wazi kwamba safarini, akiwa na bendi, alibakwa, na si mara moja. Na kwamba alipokwenda kwa daktari hakuna aliyeshtuka. Sura nyingi zilizoandikwa juu ya miaka ile ya mabasi na hoteli za bei nafuu zimejaa vichekesho. Hili nalo lilikuwamo ndani ya basi.

Mwaka 1949 alikwenda na Billie Holiday kwenye ziara ya majimbo ya kusini. Watazamaji hawakuja, fedha zikakatika, wanabendi wakaachwa huko bila nauli. Melba alirudi Los Angeles akaweka tromboni chini na kuajiriwa katika ofisi ya elimu, akifanya kazi za ukarani kwa miaka kadhaa. Alionekana pia kwa nyuma nyuma katika filamu, ikiwamo The Ten Commandments. Gillespie ndiye aliyemtoa huko tena mwaka 1956, alipopewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kazi ya kupeleka bendi Iran, Pakistan, Lebanon, Uturuki na kwingineko. Melba alipiga, na aliandika. Mpangilio wake wa My Reverie katika bendi hiyo ni wimbo wa taratibu ambamo tromboni yake yenyewe inazungumza kwa sauti ya chini, bila haraka. Weston alimsikia akiupiga, na hapo akajua amempata mtu wake.

*

Kazi yao ya kwanza ya pamoja, santuri ya Little Niles, ilirekodiwa 1958. Namna walivyofanya kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Weston alipiga wimbo kwenye piano na kueleza ulikuwa juu ya nini. Melba alisikiliza, akauliza maswali machache, akaondoka na kuandika. Aliporudi, wimbo ulikuwa wa Weston bado, lakini umepata milango na madirisha ambayo mwenye nyumba hakuyajua.

Wote wawili walitaka kufanya Uhuru Afrika muda mrefu kabla ya 1960. Kampuni ya United Artists ilimjibu Weston kama kampuni nyingi zinavyojibu: tuletee kwanza kitu kinachouzika. Akaambiwa arekodi nyimbo za onyesho la Broadway. Alirekodi nyimbo za Destry Rides Again, mchezo wa kauboi, Melba akawa mmoja wa wapiga tromboni wanne. United Artists haikuitoa Uhuru Afrika hata baada ya hapo. Iliyokubali mwishowe ilikuwa Roulette, kampuni ya Morris Levy, mtu ambaye urafiki wake na majambazi wa New York ulijulikana na kila mwanamuziki, na ambaye mwaka 1988 alipatikana na hatia ya kula njama ya kutoza watu kwa vitisho. Historia haichagui sana mikono inayoibeba.

Sasa tuisikilize. Mwanzo kuna ngoma na sauti ya Sanga. Ngoma hazikimbii, zinaweka uwanja. Msikilizaji wa Afrika Mashariki atafanya kosa dogo hapa, la kuzisikia kama ngoma za kwao. Sizo. Ni mazungumzo ya Lagos na Havana yaliyofanyika Manhattan. Ila masikio yetu si wageni kabisa wa Havana. Miaka ileile, Morogoro, Salum Abdallah alikuwa ameipa bendi yake jina la Cuban Marimba, kwa kuwa santuri za Cuba zilikuwa zimefika bandarini kwetu na kuingia kwenye magitaa. Candido na wenzake wangeelewana na Morogoro vizuri kuliko walivyodhani.

Kutoka kwenye ngoma, vyombo vya kupuliza vinaingia, na hapa ndipo karatasi za Melba zinaanza kujieleza. Mpangaji wa kawaida wa bendi kubwa angeweka tarumbeta juu, zing'ae, na kuacha tromboni zijaze chini. Melba alitoka chini kwenda juu. Tromboni tatu, baragumu la Julius Watkins, saksafoni nzito ya Cecil Payne: huko ndiko uzito uliko, na tarumbeta zinatokea juu yake pale tu zinapokuwa na la kusema. Anapenda noti zinazokaribiana mno, zinazosuguana, kiasi kwamba sauti inakuwa na ukungu kidogo. Na anajua kunyamazisha. Kuna mahali ngoma zimeachiwa kila kitu, watu kumi na tano wameshika vyombo mikononi na hawapigi, na nafasi hiyo ameiandika yeye.

African Lady ni sehemu ya taratibu. Hughes aliandika maneno yake, na Weston aliikusudia kuwa heshima kwa mama yake na kwa wanawake wote waliobeba familia bila kutajwa. Wanaimba wawili: Martha Flowers, mwimbaji wa opera, na Brock Peters, mwenye sauti nene, ambaye miaka miwili baadaye ulimwengu ungemwona katika filamu ya To Kill a Mockingbird akiwa mtu mweusi anayeshtakiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Uimbaji wenyewe ni wa jukwaa la opera, umenyooka na kuvaa suti. Wako wasikilizaji wanaouona umechakaa, na mimi ni mmoja wao kwa siku fulani fulani. Kisichochakaa ni kinachotokea nyuma ya waimbaji: filimbi ya Les Spann, gitaa, na vyombo vya kupuliza vilivyoshushwa sauti mpaka vinakuwa kama watu wanaoitikia msibani. Weston aliandika sehemu hii kwa ajili ya wanawake wasiotajwa, na mwanamke mmoja alikuwa ameketi studio na karatasi zake, akisahihisha noti. Sijui kama kuna yeyote aliyeiona kejeli hiyo asubuhi ile.

Bantu inarudisha ngoma na kuzikutanisha na bendi nzima. Kisha Kucheza Blues. Weston alisema sehemu hii ni karamu ya siku ambayo Afrika yote itakuwa huru, na watu wa asili ya Afrika popote walipo wataalikwa. Ndani ya karamu hiyo kila mtu anapewa nafasi yake: piano, tarumbeta, gitaa la Burrell. Ni bluzi, mtindo wa wakulima wa pamba wa Mississippi, umewekewa ngoma za Cuba na Nigeria chini na jina la Kiswahili juu. Kwa karatasi tu, mchanganyiko huo ungepaswa kuwa vurugu. Unacheza vizuri mno. Baada ya uzito wa sehemu tatu za kwanza, mtu anasikia wanamuziki wakivuta pumzi na kulegeza tai.

*

Kuna jambo la kulisema hapa bila kuwakosea adabu waliofanya kazi hii. Afrika ya santuri hii ilitengenezwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wameiona. Weston hakuwa amekanyaga bara hili. Alifika Lagos kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, 1961. Hughes alikuwa amezitembelea bandari za Afrika Magharibi akiwa baharia kijana mwaka 1923, na Novemba hiyohiyo ya 1960 alialikwa Lagos kushuhudia Nnamdi Azikiwe akiapishwa kuwa Gavana Mkuu. Kwa wengine, Afrika ilikuwa ramani ukutani kwa Frank Weston. Kiswahili cha Sanga kimezungukwa na ngoma za Kiyoruba na za Kicuba, bila hata chombo kimoja cha pwani yetu: hakuna zeze, hakuna msondo. Mtu mwenye jicho kali anaweza kuiita Afrika ya kubuni.

Naona hoja hiyo inakosa shabaha. Mwaka 1960 hata sisi tulikuwa tunaibuni. Mkinga, Mdigo na Mkurya walikuwa wanaambiwa kwamba wao ni Watanganyika, na walikuwa wanajifunza kulisema hilo kwa lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama. Viongozi wa nchi 17 walikuwa wanachora nembo na kutafuta tungo za wimbo wa taifa. Watu wa Brooklyn walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo wakiwa mbali zaidi, na vifaa walivyokuwa navyo ni tromboni na wino.

Serikali ya makaburu ilielewa mapema kuliko wachambuzi wa muziki. Mwaka 1964 Afrika Kusini iliipiga marufuku Uhuru Afrika. Marekani kwenyewe haikupigwa marufuku na mtu. Ilipita tu, kama zinavyopita santuri ambazo redio hazijui ziziweke kipindi gani, ikabaki mikononi mwa wachache walioithamini.

*

Weston aliendelea kuifuata ramani ya baba yake. Baada ya safari za Nigeria walirekodi Highlife mwaka 1963, Melba akipanga tena, na humo mna wimbo wa Bobby Benson wa Lagos. Mwaka 1967 Wizara ya Mambo ya Nje ilimpeleka Weston na bendi yake kwenye ziara ya miezi mitatu hivi, Afrika Magharibi na Kaskazini. Kituo cha mwisho kilikuwa Morocco. Hakuondoka moja kwa moja: alirudi kuishi huko, akafungua klabu Tangier iitwayo African Rhythms, na akakaa na wanamuziki wa Gnawa, wazao wa watu waliopelekwa kaskazini utumwani kuvuka jangwa. Kutoka kwao alipata muziki wa maisha yake yote yaliyobaki. Alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92, na alikuwa bado anapiga.

Njia ya Melba ilikuwa ndefu na yenye ukimya mwingi. Alipanga muziki wa watu wengi, na mara nyingi watu hawakujua ni yeye. Mwaka 1973 alikwenda Jamaika kufundisha katika chuo cha muziki cha Kingston, akakaa huko miaka sita, akiwafundisha vijana waliokuwa wamelelewa na rege kusoma noti za jazi. Alirudi Marekani akaunda bendi yake. Mwaka 1985 kiharusi kilimpooza upande mmoja wa mwili. Tromboni ikawa imekwisha. Haipigwi kwa mkono mmoja.

Watu wengi walidhani na kazi yake imekwisha. Kwa miaka kadhaa alikuwa ni mgonjwa anayetembelewa. Kisha akajifunza kuandika muziki kwa kompyuta, noti moja baada ya nyingine, taratibu kuliko mwanafunzi yeyote aliyemfundisha Kingston, na Weston akamletea nyimbo kama zamani. Mwaka 1991 walirekodi The Spirits of Our Ancestors, santuri mbili zenye wapulizaji kama Pharoah Sanders na Dewey Redman. Mgeni katika wimbo mmojawapo alikuwa Dizzy Gillespie, aliyekuwa amemtoa Melba ofisini Los Angeles miaka 35 kabla. Gillespie alifariki muda mfupi baadaye, Januari 1993. Sikiliza vyombo vya kupuliza katika santuri hiyo. Uzito bado uko chini, noti bado zinasuguana, na zile nafasi za kunyamaza zimeongezeka.

Santuri iliyofuata, Volcano Blues, ilirekodiwa 1993. Hii nayo ina ngoma, ina bluzi, na ina mpangilio wa Melba kila mahali. Kwenye jalada lake, kwa mara hii, majina ni mawili: Randy Weston na Melba Liston.